Kuumeni au kukeni: kipimo kipi cha vinasaba kitakufaa ukitafuta asili yako

Mikutano ya ukoo ya mwezi Desemba ina ajenda mpya siku hizi. Hesabu za michango ya misiba zikishasomwa na ugomvi wa kiwanja ukishaahirishwa, kijana mmoja aliyetoka Nyegezi au Buzuruga, mitaa ya hapa Mwanza, husimama na simu yake mkononi. Anasema kuna kampuni za nje zinazopokea mate na kukwambia asili yako, basi tuchange, tumpime mtu mmoja, tujue tulitoka wapi. Wazee wanauliza bei. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jambo linalotangulia bei: tupime nini, na tumpime nani?

Vipimo vya asili viko vitatu, na kila kimoja kinajibu swali lake. Kimoja kinafuata kuumeni: baba, babu mzaa baba, baba wa babu, hivyo hivyo hadi zamani za kale. Kingine kinafuata kukeni: mama, bibi mzaa mama, mama wa bibi huyo. Cha tatu kinachanganya pande zote, ila hakiendi mbali. Ukinunua kisichojibu swali lako, utaletewa ramani nzuri yenye rangi na herufi, nawe utabaki ulipokuwa.

Hiki si kile cha Mkemia Mkuu

Ukitaja DNA hapa Mwanza, watu wengi husikia kesi ya mtoto: huyu ni wangu au si wangu. Hicho ni kipimo kingine kabisa. Kinalinganisha vipande vichache vya vinasaba vya mtoto na vya mzazi, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa mjini. Huwezi kuamka asubuhi ukaenda kuomba kipimo hicho peke yako; maombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Suala la kupeleka sampuli nje ya nchi nalo lina masharti yake, kwa hiyo pita ofisini hapo uulize kabla hujalipia kifurushi mtandaoni. Kuanzia hapa nazungumzia vipimo vya asili tu.

Kinachopimwa

Kipimo cha kuumeni kinasoma kromosomu Y, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Wanaume wanayo, wanawake hawana. Baba humpa mwanawe wa kiume karibu kama alivyoipokea kwa baba yake, na sehemu yake kubwa haichanganyiki na kitu cha mama. Ni ndefu, herufi (yaani vipande vidogo kabisa vya vinasaba, vinavyosomwa kimoja kimoja) zaidi ya milioni 62, na imejaa marudio kiasi kwamba wanasayansi walifanikiwa kuisoma nzima bila mapengo mwaka 2023 tu.

Kipimo cha kukeni kinasoma vinasaba vya mitokondria, vile viungo vidogo vinavyozalisha nguvu ndani ya seli. Hivi ni vifupi mno, herufi 16,569, na vilisomwa vyote Cambridge mwaka 1981. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike. Mitokondria zilizokuja na mbegu ya baba huharibiwa ndani ya yai, kwa hiyo mwanaume anazo za mama yake lakini hampi mtoto wake yeyote.

Cha tatu kinasoma jozi 22 za kromosomu tunazozipata kwa wazazi wote wawili. Hapo nusu ni ya baba na nusu ya mama, robo hivi kwa kila babu na bibi, na kila kizazi mgao unapungua. Ukifika kizazi cha sita au cha saba kuna wahenga ambao hawajakuachia kipande cha kuonekana.

Kabla hujapenda mstari wowote, piga hesabu hii. Ukihesabu vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wahenga. Kromosomu Y inazungumza kwa niaba ya mmoja wao, na mitokondria kwa niaba ya mmoja. Wale 1,022 waliobaki hawasikiki hata kidogo katika vipimo hivi viwili. Kwa hiyo anayekwambia "asili yako ni fulani" kwa kutazama mstari mmoja amekuelezea mhenga mmoja katika umati.

Nani atoe mate

Mwanaume anaweza kupima pande zote mbili. Mwanamke anapima kukeni tu; akitaka kuumeni itabidi amwombe baba, kaka, baba mdogo au mtoto wa kiume wa baba mdogo. Wengi wanalijua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba ndugu wengine wamebeba mistari ambayo wewe huna. Mjomba wako ana kromosomu Y ya babu mzaa mama. Shangazi yako, sawa na baba yako, ana mitokondria ya bibi mzaa baba, na wewe mtoto wa kaka yake huna. Ukiwa na mjomba na shangazi walio tayari unaweza kuwasikia babu na bibi zako wote wanne, kila mmoja kwa mstari wake.

Vipimo hivi vina udhaifu wa aina moja: havitofautishi watu wa mstari mmoja. Kaka wawili, baba yao, baba zao wadogo na babu yao wana kromosomu Y ile ile au inayokaribia kabisa. Mama, dada na watoto wa dada wana mitokondria ile ile. Ukitaka kujua kama fulani ni baba au ni baba mdogo, hapa hupati jibu.

Tofauti kubwa iko kwenye saa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mistari yote miwili hubadilika herufi moja moja kadiri vizazi vinavyopita, na mabadiliko hayo ndiyo yanayotuwezesha kukadiria muda. Herufi kwa herufi, mitokondria hubadilika haraka zaidi. Lakini kwa kuwa ni fupi, ukiisoma yote unapata kwa wastani badiliko moja kwa zaidi ya miaka 3,000. Kromosomu Y ikisomwa kwa kina hutoa badiliko moja kwa kila karne hivi, pengine mapema kidogo, kutegemea sehemu iliyosomwa ni ndefu kiasi gani.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Wanaume wawili wakilingana sana katika kipimo cha kina cha Y, huenda babu yao wa pamoja aliishi miaka 200 au 400 iliyopita, wakati ambao wazee wa Ukerewe au Sengerema bado wanaweza kuutajia majina. Watu wawili wakilingana herufi zote 16,569 za mitokondria, bibi yao wa pamoja anaweza kuwa wa juzi, anaweza pia kuwa aliishi kabla ya chuma kufika ufukweni mwa ziwa hili. Kampuni itaandika "mmelingana kikamilifu" kwa rangi ya kijani, na moyo utadunda. Usikimbilie kupiga simu.

Mitokondria ina ubora mmoja ambao Y haiwezi kuufikia: seli moja ina nakala mamia hadi maelfu, wakati kromosomu Y ni moja tu. Ndiyo sababu mifupa ya kale husomeka kukeni kwanza. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani mwaka 1485, na mifupa yake ikapatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Walipolinganisha mitokondria zake na za watu walio hai wanaoshuka kutoka kwa dada yake, zikakubaliana. Walipolinganisha kromosomu Y yake na ya wanaume ambao vitabu vya nasaba vinasema ni wa ukoo wake kuumeni, zikakataa. Mahali fulani katika karne hizo, baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Hao ni watu waliokuwa na makarani wa kuwaandikia kila kizazi.

Ukoo wa kwetu unafuata baba, lakini wanaohama ni akina mama

Kwa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakuria na Wajaluo wa Rorya, mtoto kwa kawaida huhesabiwa upande wa baba, na mke ndiye anayehamia kwa mume. Desturi hiyo inaacha alama kwenye damu. Wanaume wa kijiji kimoja hukaa wakifanana kuumeni, kwa kuwa babu yao hakuhama. Wake wanatoka kwingine, kila mmoja na mitokondria ya kwao, hivyo kijiji kile kile kinakuwa na mchanganyiko mkubwa kukeni. Mwaka 2001 watafiti walilichunguza jambo hili kaskazini mwa Thailand, ambako makabila ya milimani yanapakana, mengine mke akihamia kwa mume na mengine mume akihamia kwa mke. Mchanganyiko ulifuata anayehama: kwa wa kwanza ulikuwa mkubwa kwenye mitokondria, kwa wa pili kwenye Y.

Nalitazama ziwa letu kwa jicho hilo. Mitumbwi kati ya Ukara, Ukerewe, Majita na Mwanza imebeba dagaa, mihogo na maharusi kwa vizazi vingi. Ukimwuliza mzee wa ukoo atakutajia mababa saba bila kumeza mate. Mwulize mama wa babu yake alitoka kisiwa gani, atakwambia "alitoka ng'ambo huko." Kwa hiyo hoja yangu katika ulinganisho huu ni kwamba kuumeni tayari tuna simulizi, na kipimo cha Y kitakuja kuithibitisha au kuikanusha; kukeni hatuna kitu, hivyo hata jibu lenye ukungu ni nyongeza.

Na tusijidanganye kwamba kufuata baba ndiyo desturi pekee ya huku. Katika temi nyingi za Usukuma na Unyamwezi zamani, mtemi, yaani chifu, hakurithiwa na mwanawe; mrithi alitafutwa miongoni mwa wana wa dada zake. Urithi ulikuja kuhamia kwa wana wa kuzaa katika temi nyingi wakati wa ukoloni, na mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa kisheria. Sasa fikiria mjukuu wa leo anayetaka kujua kama yumo katika nyumba ya watemi wa zamani. Akinunua kipimo cha Y amepotea njia. Mtemi na mpwa wake aliyemrithi wana mitokondria moja, ya mama mmoja, lakini kromosomu Y mbili tofauti, kwa sababu mpwa aliipata kwa shemeji. Ukoo wa namna hiyo unafuatwa kukeni, na kadiri unavyosogea kwenye karne ya ishirini unalazimika kubadilisha kipimo. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwa nini mila ya familia itangulie kadi ya benki.

Usitarajie jina la kabila

Matokeo yatakuja na jina la tawi lako kwa herufi na namba; tawi ni kundi la watu wanaoshuka kutoka kwa mhenga mmoja katika mstari huo. Kuumeni unaweza kupata E-M2, tawi lililosambaa sana pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu. Unalikuta kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini. Kukeni utapata mojawapo ya matawi ya L, kama L0, L2 au L3. Hili la L3 ndilo lililozaa matawi yote ya kukeni ya watu waliotoka Afrika na kuijaza Asia, Ulaya na Marekani. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Hakuna tawi lenye muhuri wa Kisukuma, wala la Kihaya.

Lugha inaweza kuhama bila watu kuhama. Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya, ni wa asili ya Kibantu, lakini leo wengi wao wanazungumza Kijaluo. Mtu wa huko anayejua wahenga wake hatashangazwa na kromosomu Y inayofanana na ya majirani zake Wabantu. Asiyejua atadhani maabara imechanganya mate.

Mara chache mstari mmoja hueleza safari nzima. Tawi la E-M293, linaloonekana kwa wingi kwa Wadatoga, ambao Usukumani huitwa Wataturu, limefuatiliwa kutoka Tanzania hadi kusini mwa Afrika, na watafiti mwaka 2008 walilihusisha na wafugaji walioshuka huko miaka 2,000 hivi iliyopita. Hapo Y ilifanya kazi ambayo mitokondria isingeiweza.

Pale pande mbili zinapopingana

Mfano ulio karibu nasi ni wa pwani. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya Waswahili kati ya miaka ya 1250 na 1800. Kukeni, karibu wote walikuwa wa Afrika. Kuumeni, wengi walikuwa na kromosomu Y za Asia ya Kusini-Magharibi, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Vinasaba vya mchanganyiko vilionyesha pande zote mbili, na upande wa Afrika mara nyingi ukizidi nusu.

Familia nyingi za hapa mjini zina babu aliyepanda kutoka pwani kwa biashara au kwa reli. Mwanaume wa familia kama hiyo akipima Y peke yake anaweza kuambiwa yeye ni wa Ghuba. Dada yake akipima mitokondria anaweza kuambiwa ni wa hapa hapa Afrika. Baba mmoja, mama mmoja, na wote wameambiwa kweli. Mwenye historia ya namna hii asinunue kipimo kimoja. Anunue cha mchanganyiko, na kama pesa inabaki aongeze mstari mmoja.

Tofauti kama hii haianzii pwani. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha kromosomu Y za watu wa mabara mbalimbali ulionyesha kwamba miaka kati ya 5,000 na 7,000 iliyopita mistari ya kuumeni ilipungua ghafla, kiasi kwamba kwa hesabu za vinasaba palikuwa na takriban wanawake 17 waliorithisha mstari kwa kila mwanaume mmoja. Wanaume hawakutoweka duniani. Watafiti wengine, mwaka 2018, walipendekeza maelezo ambayo mtu wa koo atayaelewa upesi: watu walipojipanga kwa koo za kuumeni na koo zikapigana, ukoo ulioshindwa ulipotea na Y yake nzima, ilhali wanawake walichukuliwa au waliolewa na mitokondria zao zikaendelea.

Ningechagua nini

Anayetafuta ndugu walio hai, kwa mfano mtu aliyelelewa mbali na upande mmoja wa familia, achukue cha mchanganyiko bila kusita. Ndicho cha bei nafuu, kwa kawaida chini ya dola 100 kwa kampuni za Marekani, na ndicho kinachoonyesha binamu wa kweli. Tatizo lake kwetu ni kwamba hifadhidata za kampuni hizo zimejaa watu wa Ulaya na Marekani, Waafrika ni wachache, na jirani yako wa Kirumba huenda hayumo.

Ukoo wenye majina marefu ya mababa, unaobishana kama watu wa Geita na wa Magu ni wa babu mmoja, uchukue Y ya kina. Inagharimu dola mia kadhaa, na lazima muwapime wanaume wawili, mmoja kila upande. Matokeo ya mtu mmoja hayaamui ubishi.

Mwanamke mwenye pesa ya kipimo kimoja cha mstari, na yeyote ambaye simulizi ya kuumeni anayo tayari, achukue kipimo kinachosoma mitokondria nzima, si kile kinachosoma kipande chake tu. Cha kipande ni cha bei rahisi, lakini kinakurudishia jina la tawi ambalo umegawana na nusu ya bara.

Kuna jambo ambalo kampuni huliandika kwa maandishi madogo: kipimo cha Y hufichua. Wana wa kiume wa kaka wawili wasipolingana, kuna bibi ambaye siri yake imetoka kaburini, au kuna mtoto aliyelelewa kama wa nyumbani na hakuna aliyesema. Kwa desturi zetu mahari ilimfanya mtoto kuwa wa ukoo, vinasaba havikuulizwa. Kubalianeni mapema kikaoni nani atasoma majibu kwanza, na kama mtayataja mbele ya watu au la.

Kuhusu nani aanze, mfuateni shangazi mkubwa kabla ya babu. Kromosomu Y ya ukoo ipo kwa kila mjukuu wa kiume, haina haraka. Mitokondria ya bibi mzaa baba iko kwa baba zenu, kwa mashangazi, na kwa watoto wa mashangazi hao. Kama bibi hakuzaa binti, na hao wana wake ni wazee sasa, mstari wake hapo nyumbani unaishia kwao. Mwamkieni shangazi vizuri, mwelezeni mate yanakwenda wapi na yatafanyiwa nini, na akikubali asile wala kunywa kitu kwa nusu saa kabla ya kutema. Wakati mnasubiri hiyo nusu saa, mwandikieni jina la mama yake, la mama wa mama yake, na kijiji alikotoka kila mmoja.